Dereva Aliyejua Kungoja

Tulimwita Dereva, ingawa gari lake la mwisho lilikuwa limekalia mawe uani kwake Mugumu kwa miaka mingi, na kuku walikuwa wakitagia kwenye kiti cha mbele. Kwetu Nyarero alifika kwa bodaboda, begi la kamera amelipakata kifuani kama mtoto mchanga, stendi yake ya miguu mitatu imefungwa kwa mpira nyuma. Watoto walipoliona vumbi walipaza sauti, "Dereva anakuja," na kijana wa bodaboda, ambaye ndiye aliyekuwa akiendesha, alinuna mpaka alipopewa uji.

Kazi yake ilikuwa kutengeneza filamu. Si zile za mapenzi na majambazi, wala zile za uchawi ambazo Bibi yangu alizipenda mno. Zake zilikuwa za watu wa kawaida wakifanya mambo yao: mtu anakama, mtu anasuka paa, majirani wanagombana juu ya mbuzi. Hakukuwa na sauti ya kukusimulia kwa nyuma, wala muziki wa kukuelekeza kwamba hapa sasa uhuzunike. Alikaa na watu mpaka wakamzoea kama wanavyozoea mtungi wa maji pembeni, ndipo akawasha kamera. Na hakuuliza maswali. Miaka yote niliyomjua, sikumwona akimtolea mtu swali huku kamera inarekodi.

Namwandika kwa sababu moja, na ni afadhali niiseme mapema. Yeye ndiye mtu pekee aliyewahi kuinasa sauti ya mama yangu akizungumza sawasawa, na yeye ndiye aliyeifuta. Mama ametangulia. Picha zake ninazo, zote amekaza uso kama anayeapishwa mahakamani. Simu yake ilikuwa ya kitochi, na ukimpigia alikuwa anakwambia, "Salio lako linaisha, mwanangu," kisha anakata. Hata ile filamu aliyoipiga Dereva nyumbani kwetu ninayo. Mama anapita, anainama, anachochea moto, anageuka, lakini anayesema muda wote ni Bibi. Mama alifungua mdomo wake mbele ya ile kamera mara moja tu, na hiyo mara moja haipo.

Kungoja alijifunzia mtoni. Ujanani aliwaendesha wageni waliokuja Serengeti kupiga filamu za wanyama, na alikuwa akisema kwamba watu hudhani kazi ile ni kukimbizana na simba, kumbe ni kukaa. Nyumbu wanashuka mpaka ukingo wa Mto Mara, wananusa maji, wanageuza. Kesho yake ni hivyo hivyo. Wageni wanakula biskuti, wanasoma vitabu, hakuna anayemharakisha mnyama. Siku moja mpiga picha alishikwa na tumbo, akakimbilia kichakani, akamwachia Dereva kamera na agizo moja: asiguse kitu, angoje. Nyumbu wakavuka. Alituhadithia mvuko ule mara nyingi mno, na kila mara nyumbu waliongezeka, lakini neno la mwisho halikubadilika.

"Nikawaza," alikuwa akisema, "huyu nyumbu anangojwa mpaka avuke kwa hiari yake. Binadamu kwa nini anaulizwa haraka haraka, kama amekamatwa na mahindi ya wizi?"

Basi akaacha usukani, akanunua kamera iliyotumika, akaanza kungoja watu. Na kosa lake la kwanza nadhani lingeweza kufanywa na yeye tu. Kwa kuwa alifundishwa na wapiga picha wa wanyama, alidhani na mtu anaviziwa. Asubuhi moja, katika kijiji kimoja cha Tarime, alijibanza kwenye ua wa minyaa kulielekea zizi la watu ili apige picha za ukamaji bila kumsumbua mtu. Akakaa kimya, upepo ukimjia usoni kama alivyofundishwa, ng'ombe wasimnuse. Ng'ombe kweli hawakumnusa. Aliyemwona ni msichana aliyekuwa anakwenda kisimani, naye akapiga yowe.

Anayezijua sehemu zetu anajua kilichofuata. Mtu aliyejificha kwenye minyaa akilitazama zizi la wenzake hana maelezo. Wanaume walitoka kila upande na fimbo na mapanga, wakamkalisha juani amefungwa mikono kwa kamba ya ndama. Wengine walitaka yaishe palepale. Aliyemwokoa ni mama mwenye mji, yaani boma lile, aliyeuliza swali moja tu, "Kama ulikuwa na haja na ng'ombe zangu, kwa nini hukupiga hodi?" Dereva akawaelekeza kamera kwa kidevu. Wakaiwasha kamera yake, wakaona ng'ombe wao wenyewe kwenye kile kioo kidogo, na yule mama akasema, "Lakini dume langu hili limetoka vizuri, mura," yaani kijana. Akafunguliwa, akapewa maziwa ya mgando kwenye kibuyu.

Kuanzia hapo msemo wake ukawa huu: mnyama anaviziwa, mtu anapigiwa hodi. Alipiga hodi mpaka kwenye vibanda visivyo na mlango. Aliwaamkia wakubwa kwa wadogo, na siku za mwanzo hakupiga picha kabisa. Aliiweka kamera chini juu ya kanga, wazi, watoto waichungulie, mbuzi waikanyage kama wanataka. Yeye mwenyewe aliomba kazi. Kwetu alimenya mihogo, na aliimenya vibaya hivi kwamba Bibi alisema ingekuwa afadhali tupike maganda na kutupa mihogo.

Desturi yake ya pili aliipata upande wa Serengeti, kwenye kijiji cha wafugaji. Mzee mmoja alisimama mbele ya watu akamwambia, "Wewe unatutazama kama unavyotazama nyumbu. Leo unatupiga picha, kesho utatuhesabu." Watu wakacheka, ila hakikuwa kicheko kizuri. Dereva akasema, "Mzee, shikamoo. Nyumbu sijawahi kumpelekea filamu yake aitazame." Yule mzee akamjibu kwamba basi awaletee wao.

Akawaletea, na tangu siku hiyo ikawa sheria yake. Filamu ilirudi kwanza kwenye nyumba ilikopigwa, kabla ya kuonwa na mtu yeyote wa mjini. Madirisha yalizibwa kwa kanga, kompyuta ikawekwa juu ya kinu kilichopinduliwa, wenye nyumba wakatazama. Mtu yeyote aliyemo alikuwa na haki ya kusema, "Toa hiyo," na Dereva alitoa hapohapo, mbele yake, bila kuuliza kwa nini. Mchungaji mmoja alitoa mahali alipoonekana amesinzia kwenye ibada aliyokuwa akiiongoza mwenyewe. Kule Kewanja, mama aliyekuwa anawauzia chapati wachimbaji wa dhahabu alitoa kipande kizima alichokuwa akimsema vibaya mwenzake wa kibanda cha pili, kisha akafikiri, akaomba kirudishwe. Dereva akamwambia kilichotoka kimetoka. Ndiyo maana filamu zake zina mashimo kama sweta la zamani, na anayezitazama bila kujua desturi ile anadhani mtu huyu hakujua kazi.

Hata humu desturi hiyo imefanya kazi. Nilimsomea ukurasa wa kwanza, akasema, "Jina langu toa hapo." Nikalitoa.

Nisije nikamfanya malaika. Huyu mtu aliyeweza kungoja siku nzima kuku avuke uwanja hakuweza kungoja chai ipoe. Aliinywa ikichemka, akaungua, akailaumu chai. Stendi ya Tarime alikuwa anagombana na makondakta wa mabasi ya Musoma kwa sababu gari limechelewa kidogo tu. Akiwa kazini alikuwa bubu. Akishafunga begi alizungumza mpaka mwenyeji anaanza kufagia miguuni mwake. Aliwapiga picha watu maisha yake yote na yeye mwenyewe hakukubali kupigwa hata moja. Kwenye picha ya harusi yangu wote tumesimama, pembeni kuna kiganja kikubwa kimeinuliwa, na kiganja hicho ndicho yeye.

Na alikuwa mwongo wa simu. Hili nalisisitiza kwa sababu nililitegemea baadaye. Ukimpigia, yuko njiani. "Nimeshaingia Tarime, mama, nakata kona hapa," huku nyuma yake unamsikia mke wake, nesi aliyeletwa Serengeti kikazi kutoka Iringa akasahau kurudi, akimwuliza kama maji ya kuoga yamepoa. Alimdanganya kila mtu, hata padre, tena bila faida yoyote. Kwenye filamu hakuongeza kitu, hakumwambia mtu arudie alichofanya ili kionekane vizuri. Lakini mpe simu, hapo utasikia.

Sasa niseme alikujaje kwetu. Bibi ninayemtaja hakuwa mama wa baba yangu. Mume wake alifariki bila wao kupata mtoto wa kiume, na Bibi, kama mila ya Wakurya inavyoruhusu, akatoa ng'ombe akamwoa mama yangu, ili nyumba ipate watoto na moto usizimike. Ndiyo nyumba ntobhu. Mama alikuja msichana mdogo, ng'ombe zake zikaenda kumwolea kaka yake mke. Sisi tukazaliwa, tukaitwa kwa jina la mji wa Bibi, na sikujua kama kuna cha ajabu mpaka nilipokwenda shule ya bweni na wenzangu wakaanza kuniuliza.

Watu wa televisheni walikuwa wakija. Wengine walivuka mpaka wa Sirari kutoka Kenya na gari jeupe, kijana mmoja mchangamfu akamwekea Bibi maiki karibu na meno. "Sasa cucu, hebu tuambie, hapa kwa nyumba nani huwa ndio bwana?"

Bibi akamtazama. "Umekula?"

"Tuko na chakula kwa gari, hakuna shida."

"Hapa anayeuliza ni aliyekula," Bibi akasema. "Wewe hujala."

Akanyanyuka akaenda kutazama maharage yake. Walimfuata mpaka shambani, akawaonyesha mgongo, na mgongo ndio walioondoka nao.

Dereva alikula. Bibi alimjaribu kwa ugali wa muhogo na kichuri, supu ya matumbo, chenye uchungu wa kutoa machozi, akala, akaomba tena, ingawa nadhani hapo pia alidanganya. Alikaa nasi tangu kupanda mpaka kuvuna, akienda na kurudi. Bibi akamzoea mpaka akawa anamtuma kuni. Mama ndiye aliyemkwepa. Mama yangu alikuwa mtu wa maneno machache, na mbele ya kamera hata hayo machache aliyaficha. Dereva hakumsogelea. Aliniambia mwaka mmoja baadaye kwamba alimwekea nafasi kwenye kila picha, upande mmoja mtupu, kama kiti cha mgeni aliyesema atakuja.

Mama akaja, alasiri moja, yeye na Bibi wakichambua maharage kibarazani. Kilichosemwa sikujua. Mimi nilikuwa bweni, hata siku filamu ilipoletwa nyumbani kutazamwa nilikuwa bweni. Habari niliipata kwa Bibi.

Bibi alisema walitazama, yeye akajicheka namna anavyotembea, kisha ikafika alasiri ile ya maharage. Mama akasimama. Akaenda mpaka kwenye kinu, akaikingia kompyuta kwa mwili wake ili wadogo zangu wasione, akasema, "Toa hiyo."

Dereva akasema ataitoa.

"Siyo kwenye filamu tu. Kabisa."

"Kabisa," akasema Dereva.

Akaifuta mama akiwa amesimama juu yake, kila mahali ilipokuwa, akamwonyesha kwamba haipo. Kwa nini mama aliitaka itoke, hilo halikuwa siri. Ndugu za marehemu mume wa Bibi walikuwa wanalitaka shamba la mtoni. Walikuwa wakisema nyumba ya wanawake wawili si nyumba, na walikuwa wanangoja neno moja tu la kwenda nalo kwa wazee wa ukoo. Neno hilo lilikuwamo kwenye ile alasiri. Lakini ni neno gani, nikimwuliza mama, alinijibu, "Mambo ya watu wazima," hata nilipokuwa mtu mzima, mwalimu wa sekondari Tarime, nina watoto wangu.

Kufuta kule kulimgharimu. Kwa domo lake la nje ya kazi alikuwa ameshawasimulia watu wa televisheni kule Dar es Salaam kwamba ana kipande ambacho hajawahi kupiga mfano wake. Alipowapelekea filamu, mama mmoja wa pale akaitazama mpaka mwisho akamwuliza kiko wapi. Akasema kimetoka. Yule mama, ambaye Dereva hakuwahi kumsema vibaya, akamwambia kwa upole kwamba bila hicho yeye anaona watu wanachambua maharage tu. Filamu ikarudi mkoani Mara ndani ya begi. Haikurushwa popote. Ilitazamwa kwenye kuta za nyumba za watu, na kwenye ukumbi wa parokia mara moja, mvua ikanyesha na bati likameza sauti yote.

Alinisimulia hayo kwenye mgahawa mmoja karibu na stendi, akicheka, akimwigiza yule mama wa Dar. Mhudumu alimletea chai, ikapoa mbele yake, utando ukatanda juu. Hapo ndipo nilipojua ilimwuma kiasi gani.

Aliendelea kuja kwetu bila kamera. Alikuja kwenye kipaimara cha mdogo wangu. Alikuja Bibi alipofariki, akachimba kaburi na vijana mpaka wakamnyang'anya sululu. Alikuja shamba la mtoni lilipoamuliwa kwa haki kuwa letu, akanywa soda tatu kwa furaha. Na alikuja kumzika mama. Siku ile alikaa mbali, chini ya paa la jiko, mikono mapajani, akitazama watu. Nilijua anaona kila kitu, nikamwonea wivu, kwa sababu mimi sikuona chochote.

Baada ya msiba, binti yangu wa mwisho, ambaye alimjua bibi yake, yaani mama yangu, kwa kubebwa tu, akaniuliza, "Bibi alikuwa anaongeaje?" Nikafungua mdomo nimwigize. Hakikutoka kitu. Maneno niliyakumbuka, sauti sikuwa nayo. Nilijaribu tena usiku, peke yangu, na hofu iliyonishika siwezi kuieleza vizuri. Nilihisi nimemzika mara ya pili, na safari hii ni mimi niliyechimba.

Ndipo nikamfikiria Dereva. Mtu anayesema yuko Tarime huku yuko bafuni Mugumu, anashindwaje kubaki na nakala moja? Mtengeneza filamu gani anafuta kipande bora cha maisha yake kwa sababu mama mmoja wa Nyarero amesimama mbele ya kinu? Lazima aliificha mahali. Nikapanda gari kwenda Mugumu, na njia nzima nilikuwa namwomba Mungu kwamba mzee wangu awe mwongo.

Nilimkuta uani amekaa kwenye kiti cha plastiki, mgongo ameuegemeza kwenye ubavu wa gari lake. Magoti yalikuwa yamekataa kazi, na kamera alikuwa amempa kijana wa parokia. Kuku alikuwa ameatamia ndani, anatutazama kupitia dirishani.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba, mwalimu. Umekuja bila kupiga simu."

"Ningepiga ungeniambia uko Musoma."

Akacheka mpaka akakohoa. Mke wake akatuletea chai, akanipa pole tena, akarudi ndani. Dereva akainywa ya kwake ikiwa moto, akaungua, akaitukana. Nilitaka kungoja kama alivyotufundisha, nikashindwa.

"Mzee, ile ya mama. Ile ya maharage."

"Nilifuta."

"Najua ulifuta mbele yake. Nauliza baadaye. Hukuwa na nyingine?"

"Mama yako alisema kabisa."

"Nakuomba. Wale waliotaka shamba hawapo. Mwenyewe hayupo. Hakuna anayedhurika. Kama unayo niambie."

"Sina, mama. Nilifuta."

Nikakasirika kama sijawahi kumkasirikia mtu mzima. "Wewe umemdanganya kila mtu katika mkoa huu kwa simu. Umemdanganya mpaka padre. Mama yangu peke yake ndiye ulishindwa kumdanganya?"

Nikalia. Hakuninyamazisha, hakuniambia ni kazi ya Mungu. Alinitazama tu, kama alivyowatazama watu wote aliokaa nao, na nakiri kwamba katika pole zote nilizopewa msimu ule, ile ndiyo iliyonifikia. Nilipomaliza nikajifuta, nikatoa simu nikaiweka juu ya meza kati ya vikombe, nikabonyeza ianze kurekodi.

"Basi niambie alisema nini."

Akaitazama simu. "Zima hiyo kwanza."

"Kwa nini?"

"Wewe zima."

Nikaizima.

"Aliniambia nifute picha," akasema. "Kusahau hakuniambia, na hata angeniambia nisingeweza. Watu wa shamba wamekwisha, sawa. Nitakupa kwa mdomo. Ikishakuwa yako utaamua mwenyewe pa kuipeleka."

Kuku akatoka garini, akajinyoosha, akarudi, naye hajaanza. Nilimngoja. Mara hii niliweza.

"Kuku alipita kwanza," akaanza. "Mweupe, mguu mmoja anachechemea. Bibi yako yuko kushoto, ungo mapajani, macho amefumba. Tulidhani amelala. Mama yako yuko kulia, upande ule niliokuwa namwachia. Anachambua, mabaya anatupa, mazuri anaweka. Halafu akaanza kusema, hamtazami mtu."

Na hapo sauti ya yule mzee ikashuka. Ikaanza kuburuta mwisho wa neno kama mama alivyoburuta, ikavuta pumzi katikati ya sentensi mahali ambapo mama alikuwa akivuta, kama mtu anayepanda kilima na ndoo. Nadhani hakujua kwamba anafanya hivyo. Nilishika ukingo wa meza.

"Mwaka ule wa kwanza nilifunga mzigo nirudi kwetu," akasema mama yangu kwa kinywa cha Dereva. "Niliuficha nyuma ya mtungi. Nikasema mvua ikikatika naondoka. Mvua ikakatika, mtoto akalia. Nikasema nimnyonyeshe kwanza. Nikamnyonyesha. Nikasema nimpikie na huyu mama, asilale njaa. Nikapika. Nikasema basi kesho."

Mtoto huyo ni mimi. Dereva akapangusa mdomo.

"Mama yako akaendelea kuchambua. Nikajua imekwisha, nikawa nataka kuzima. Halafu Bibi yako, macho bado amefumba, akasema, 'Ule mzigo niliuona.' Mama yako mkono ukasimama. Bibi yako akasema, 'Nilikutilia viazi ndani, usiende na njaa njiani.'"

Nikaelewa kwa nini mama aliikinga ile kompyuta kwa mwili wake. Mke aliyekuwa anaondoka, na mwenye mji aliyekuwa tayari kumwacha aende na ng'ombe zote zikapotea: ndugu wa marehemu wangeinunua alasiri hiyo kwa bei yoyote. Nikaelewa pia kwa nini Bibi, aliyesema juu ya kila kitu duniani, hakunisimulia hili mpaka anakufa.

"Hapo ndipo mama yako alipolia," akasema Dereva. "Bila sauti. Bibi yako akausogeza ungo, akachukua maharage yaliyokuwa mapajani mwa mama yako, akaanza kumchambulia. Basi. Nikazima."

Mle ndani mke wake alikuwa anapanga vyombo. Nilitaka kubaki na ile sauti masikioni mpaka nifike nayo kwa binti yangu, na wakati huohuo kulikuwa na jambo moja dogo linanisumbua, nikashindwa kulizuia.

"Mzee, vile viazi. Mama alivifanyaje? Alipofungua mzigo akavikuta, alivila? Alimwambia Bibi kitu?"

Dereva akageuka akanitazama, na kwa mara ya kwanza tangu nimjue nikaona anatamani siku ile ya maharage imrudie.

"Sikuuliza," akasema.